Nimchoreje Mama Mkwe

Kwa waliochelewa: naitwa Grégoire Kambere, mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na saba, mstaafu kwa miezi kumi na moja, mchoraji kwa miezi kumi. Ule mwezi mmoja uliobaki nililala.

Yaliyonipata mnayajua. Mnamkumbuka Mtakatifu Yosefu niliyeichorea jumuiya yetu, akatoka na sura ya mtoza ushuru wa soko, mpaka waamini wakagoma kusali mbele yake. Mnamkumbuka mbuzi wa jirani aliyeila picha yangu ya kabichi, nikaambiwa nishukuru, maana huyo ndiye mtu wa kwanza kuipenda.

Na mnakumbuka kikao cha familia. Shemeji yangu Rémy, kaka wa mke wangu, muuza misumari na kufuli kule Birere, alitangaza kwamba uchoraji wangu ni ugonjwa wa wastaafu na dawa yake anayo dukani. Dawa ilikuwa kiti cha plastiki. Alikuwa ameshaandika jina langu mgongoni mwa kiti. Kazi yangu ingekuwa kukaa hapo kutwa nzima kulinda kufuli zisiibiwe.

Nilidhani nimekwisha. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

Ilikuwa ya mama mkwe wangu, Mama Marie-Louise, miaka themanini na minne, ambaye tunaishi naye. Hakusema na mimi. Alisema na mke wangu Micheline, ili Micheline aniambie mimi niliyekaa hatua mbili kutoka kwenye pazia hilo.

"Micheline, umwambie mukwe anichore. Kama ile sura ni yangu, mumuache na rangi zake mpaka afe. Kama hapana yangu, aende kukaa kwa duka ya Rémy."

Micheline akanigeukia akaniambia hivyohivyo, neno kwa neno. Nikamjibu Micheline kwamba nimekubali. Micheline akaliambia pazia.

Watu wakapiga makofi. Rémy alicheka tu.

"Mwalimu," aliniambia, "utachora nini? Miaka makumi ine uko mukwe wetu. Sura ya mama uliionaka siku gani?"

Hapo ndipo nilipowaacha wiki jana, nimekaa na mdomo wazi.

Maana katika ukoo wa mke wangu, huko vilimani juu ya Butembo, mume wa binti hamtazami mama mkwe usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Huko mashamba yalikuwa ya kutosha. Lakini Mama Marie-Louise alihamia kwetu Goma mwaka wa tisini na nane, katika nyumba ya mbao ya vyumba vitatu na sebule moja, na ukitoka nje ni mawe ya volkano hadi barabarani.

Tukaweka pazia. Yeye akitoka chumbani, anakohoa. Mimi nikitoka, zamani nilipiga makofi, siku hizi napiga kengele ya shule niliyopewa siku ya kustaafu. Husemwa mwenye macho haambiwi tazama. Kwangu mwenye macho aliambiwa asitazame, na alitii.

Ninachokijua vizuri ni miguu yake. Baada ya miaka yote hiyo ya kuangalia chini, naweza kuichora usingizini. Nilimwomba Rémy niruhusiwe kuchora miguu peke yake, kwa ukubwa wowote atakaoutaka. Alikataa.

Nikauliza kama kuna picha. Picha anayo moja tu, ya kadi ya mpiga kura, na kadi zile mnazijua. Uso ulikwisha kufutika zamani. Imebaki kola ya blauzi.

Nilikuwa na siku sita. Jumapili baada ya misa, ukoo wote ungekuja kuangalia.

Jumanne asubuhi nikapata wazo, nikajiona mwerevu kupita kiasi. Miaka thelathini na saba nimesomesha imla. Mtoto wa darasa la tatu anaandika hadithi ambayo haoni hata herufi yake moja kitabuni, na anapata nane juu ya kumi. Kwa nini mimi nisiandike uso?

Nikachukua ubao wa triplex, ule mwembamba wa dari, nikaupiga mistari ya penseli miraba kwa miraba, kama nilivyokuwa nikiikuza ramani ya Kongo darasani. Herufi juu, tarakimu kando. Rangi zilikuwa za milango na madirisha, kwa sababu zile nzuri zilikuwa zinatoka Kinshasa kwa ndege, na tangu vita ndege hazitui tena hapa.

Mama Marie-Louise alikaa dirishani. Mimi nilikaa nikimpa mgongo. Micheline alikaa katikati yetu na rula. Saa mbili kamili nikapiga kengele.

"B tatu, kuko nini?" niliuliza.

"Kuko pua," alijibu Micheline.

"Pua yote?"

"Nusu."

"Micheline," ilisema sauti nyuma yangu, "umwambie mukwe, miye siko na pua ya nusu."

"Mama anasema hana pua ya nusu."

"Nimesikia. Nusu ingine iko C tatu. Umwambie."

"Mama, nusu ingine iko C tatu."

Akafikiri kidogo. "C tatu ni ya nani?"

Tulitumia asubuhi nzima kumweleza kwamba C tatu nayo ni yake.

Jumatano tukafika kwenye paji la uso.

"D moja, makunyanzi," alisema Micheline.

"Ngapi?"

"Sita."

Kiti kikalia nyuma yangu.

"Micheline," ilisema sauti, "uhesabu tena."

Micheline akahesabu tena. "Tatu," alisema.

Nikaweka matatu. Katika imla, anayesoma ndiye mwenye kitabu.

Alhamisi ilikuwa zamu ya macho, na hapo nilitaka kujinyonga.

"Macho iko namna gani?"

"Iko ya mama."

"Ya mama namna gani?"

"Papa Benny, macho ya mama ni macho ya mama. Nikuambie nini tena?" Huniita kwa jina la mtoto wetu.

Kimoyomoyo nilimpa sifuri. Kisha nikakumbuka kwamba huyu mwanamke amelala kando yangu miaka arobaini, na kama ningeulizwa macho yake yakoje, ningejibu kwamba ni ya Micheline. Nikamfutia ile sifuri.

Ijumaa saa sita nilipiga kengele ya mwisho. Micheline akazunguka mbele ya ubao, akaangalia, akakaa chini sakafuni. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mama yake aliuliza mara tatu kuna nini, na mara tatu hakuweza kumjibu.

Nilikuwa nimemchora Rémy.

Rémy mzima, pua, mdomo na shavu, amevaa kitambaa cha manjano kichwani na hereni mbili. Ukifikiri vizuri haikuwa ajabu, maana mtoto amefanana na mama. Lakini ukoo haukuwa umeagiza mtoto.

"Umuuzie Rémy mwenyewe," alisema Micheline akijifuta machozi. Kisha akaniangalia, kicheko kikamwisha. "Papa Benny, kwa kile kiti ya plastiki, nitakushonea mto."

Alisema kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniumiza. Nilitoka nje nikakaa juu ya mawe.

Niwaambie kwa nini niliumia. Miaka thelathini na saba nilichora kila siku. Nilichora ng'ombe na tumbo lake lenye vyumba vinne, moyo wa binadamu wenye mishipa ya buluu na nyekundu, volkano iliyopasuliwa katikati kama keki. Watoto walikuwa wakisema aaa. Na kila siku, kengele ya kwenda nyumbani ikilia, nilichukua kitambaa kibichi nikafuta. Hakuna kitu nilichokichora maishani mwangu kilichowahi kulala hadi kesho yake. Nilitaka kimoja tu kibaki. Sasa hata hicho kimoja nilikuwa nakiacha, niende kulinda kufuli.

Sasa naja kwenye lile ambalo sijamwambia hata padri.

Mama Marie-Louise nilikwisha kumwona. Mara moja.

Ilikuwa mwezi wa kwanza wa 2002, siku moto wa volkano ulipoingia mjini. Tulikuwa tunakimbilia Sake pamoja na mji mzima. Micheline alikuwa mbele na watoto. Mimi nilikuwa nasukuma baiskeli iliyobeba cherehani yake. Mama mkwe alikuwa hatua kumi nyuma yangu, akikohoa kila mara ili nijue yupo na nisigeuke.

Karibu na Mugunga, kikohozi kikakatika.

Nikahesabu mpaka ishirini. Nikageuka.

Alikuwa amekaa katikati ya barabara, kitambaa kimemtoka kichwani, na watu wanamruka. Nikaiacha baiskeli nikamkimbilia. Nilipomshika kwapani kumwinua, uso wake na wangu ulitenganishwa na upana wa sahani. Mila inasema ufumbe macho. Sikufumba. Alikuwa na woga wa mtoto siku ya kwanza ya shule, na alikuwa ananitazama, mimi, kana kwamba ninajua njia.

Nikaishusha cherehani, nikaiacha palepale kando ya barabara, nikampandisha yeye kwenye baiskeli. Nilisukuma mpaka Sake bila kugeuka tena. Hatukuambizana neno. Tulipofika alishuka, akaokota kipande cha kitenge akajifunika kichwa, akaanza kukohoa kama kawaida.

Micheline nilimwambia cherehani imeibiwa. Aliililia mwezi mzima.

Siku za mwizi ni arobaini. Mimi nilipewa zaidi ya miaka ishirini, nikadhani nimesamehewa.

Jumamosi Micheline alikwenda mazoezi ya kwaya. Niliugeuza ule ubao, Rémy akaangalia ukuta, nikaanza upya upande wa nyuma. Sikupiga miraba. Sikupiga kengele. Nilianza saa mbili, na nilipokuja kushtuka ilikuwa saa saba na nusu, sijala wala sijapumzika, na Mama Marie-Louise ananitazama kutoka kwenye mbao, amekaa barabarani, kichwa wazi.

Alikuwa yeye. Hakuna fundi wa kunifundisha jambo hilo, nilijua mwenyewe. Nililia. Nasema wazi, nililia kwa furaha, mzee mzima na brashi mkononi. Kisha nikafunika ubao kwa shuka, na sikumwonyesha mtu.

Jumapili wakaja. Rémy alikuja na ufunguo wa duka ukining'inia kidoleni. Tante Pascasie, dada wa marehemu baba mkwe wangu, alishuka kutoka Kibumba na gunia la karoti. Yeye ndiye anayetunza mila za ukoo. Akisema mbuzi alipwe, mbuzi analipwa.

Mama Marie-Louise alikuwa nyuma ya pazia lake. Nilikaa karibu na mlango. Rémy akaivuta shuka.

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alisogea, akavua kofia.

"Huyu njo mama," alisema. "Huyu njo mama kabisa."

Watu wakasimama, wakapiga makofi, mtu akaanzisha wimbo. Micheline aliniangalia kama alivyoniangalia mwaka ule nilipokuja kumposa. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi ule ulidumu dakika moja na nusu.

Tante Pascasie alikuwa amevaa miwani yake. Alisoma ubao kama mtu anayesoma barua ya serikali, mstari kwa mstari, hadi juu ya sikio la kushoto. Hapo akasimama.

"Ni yeye," alisema. "Ata kovu yake ya moto iko. Ile kovu alikuwa anaijua kaka yangu, na miye, na Mungu. Miaka yote iko chini ya kitambaa." Akavua miwani. "Mwalimu, kwa ile kovu ulifika namna gani?"

Wimbo ukakatika.

"Ni Micheline alinisomea," nilisema.

"Miye?" Micheline alisema polepole. "Miye nilikusomea kitambaa ya manjano. Kovu sikukuambia. Ata miye sikujua kama mama iko na kovu."

Nilimtazama mke wangu, naye akaacha kunitazama.

Tante Pascasie akaeleza sheria, kwa utulivu, kama anayesoma bei za karoti. Mkwe aliyemtazama mama mkwe uso kwa uso, tena kichwa wazi, amevunja ukwe. Mke anarudi kwa kaka zake siku hiyohiyo. Anakaa huko mpaka wazee wakutane Butembo na kuosha kosa. Na barabara ya kwenda Butembo mnaijua ilivyo siku hizi. Wazee wanaweza kukutana mwaka huu, wanaweza kukutana mimi nikiwa nimekwisha kuzikwa.

Rémy alijifuta macho. Si mtu mbaya, Rémy. Ni mtu wa hesabu tu.

"Bon, Mwalimu," alisema. "Kama huyu ni mama, basi ulimuangalia, na dada yangu analala kwangu leo. Kama huyu hapana mama, hakuna kosa, na kesho asubuhi unakuja kwa duka. Ni moja ao ingine. Sema."

Nikisema ni yeye, napoteza mke. Nikisema si yeye, napoteza kile kitu kimoja nilichowahi kukipatia.

Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

Nikainamisha kichwa. Ile miguu ninayoijua ikapita mbele yangu, taratibu, ikaenda hadi kwenye ubao, ikasimama hapo muda mrefu sana.

"Micheline," alisema Mama Marie-Louise, "uwaambie watu. Huyu hapana miye."

"Mama," alisema Rémy, "ata kovu?"

"Kovu ni rangi, mukwe alimwanga. Ule mwanamuke anaogopa. Miye siogopaka."

Tante Pascasie alitazama ubao, akamtazama wifi yake, akashusha pumzi. Mwenye uso ndiye amesema. Akarudi kukaa juu ya gunia lake. Micheline akaja akaweka mkono begani mwangu. Rémy akaniwekea ufunguo kiganjani.

"Kesho saa mbili," alisema.

Kila kitu kilikuwa kimepona. Mke alikuwa wangu, mila ilikuwa salama, hata mbuzi alikuwa hai. Nilitakiwa tu kusema asante na kumeza mate.

Lakini Rémy hawezi kuona mbao nzuri ikikaa bure. Aliugonga ule ubao kwa kidole akasema unafaa kuwa rafu ya kufuli. Akaugeuza aone nyuma, akajikuta yeye mwenyewe, na kitambaa na hereni. Alichukua kitambaa changu cha brashi, akakichovya katika mafuta ya taa, akajifuta uso wote pale ubaoni mpaka ukawa matope ya kahawia.

Kisha akaugeuza ubao upande wa pili. Akaupeleka mkono na kile kitambaa kwenye paji la uso.

"Ni yeye," nilisema.

Mkono wa Rémy ukasimama.

"Nani?"

"Mama. Ni yeye. Nilimuona kwa macho yangu, na usimuguse."

Bega langu likawa jepesi. Micheline alikuwa ameondoa mkono. Alipita katikati ya watu bila kumtazama mtu, akaingia chumbani kwetu, na nikasikia sanduku likivutwa kutoka chini ya kitanda. Tante Pascasie akasimama akafunga vizuri kitenge chake, kama mama anayejiandaa kwa safari. Rémy aliishika kofia yake kwa mikono miwili, hajui aivae au asiivae.

Ndipo Mama Marie-Louise akasema. Micheline hakuwepo wa kumpitishia maneno, kwa hiyo yalikuja kwangu moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Mujinga weye," aliniambia. "Nilikuwa nimekwisha kukuokoa."

Sebule nzima iliacha kunitazama mimi, ikamgeukia yeye.

Micheline alikuwa amerudi mlangoni, sanduku mkononi, nguo zimetokeza pembeni.

"Mama," alisema, "ulikuwa unamuokoa na nini?"

Niliinua macho nimtazame mama mkwe, nijue tunajibu nini juu ya ile siku ya Mugunga, na yeye alikuwa ananitazama mimi.